Je, nijitungie fani yangu mwenyewe chuo kikuu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Namalizia mwaka wa kwanza chuo kikuu. Nimesoma kozi za isimu na za kompyuta, na zote nimezipenda. Mdogo wangu ni kiziwi, kwa hiyo nimekua nikitumia lugha ya alama nyumbani, na ninachotaka kufanya maishani ni kutengeneza programu za kompyuta zinazoielewa lugha hiyo sawasawa. Idara ya isimu haina kozi za kompyuta, na idara ya kompyuta haina habari na viziwi. Chuo chetu kinamruhusu mwanafunzi kujitungia fani yake akipata kibali cha kamati. Rafiki zangu wananiambia nichangamkie. Baba anasema nitatoka na shahada isiyojulikana na hakuna atakayeniajiri. Nifanyeje? Na nikiamua kujitungia, naanzia wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwa miaka mingi nimekaa kwenye kamati ya aina hiyohiyo, inayosoma maandiko ya wanafunzi wanaotaka kujitungia fani, na nimewasimamia wengi wao hadi wakahitimu. Kwa kifupi, swali lako ni la aina ambayo njia hii iliwekwa kwa ajili yake, na ningekushauri uandae andiko. Sijasema uliwasilishe. Kazi ya kuliandaa ndiyo itakayokuonyesha kama unahitaji fani mpya, au unahitaji tu kuzitumia vizuri fani zilizopo. Baba yako naye ana hoja, nitaifikia.

Kwanza ujue kwamba njia hii ina historia, na historia hiyo inaeleza kwa nini kamati zina masharti yanayoonekana ya kukera. Charles Eliot, aliyekiongoza chuo cha Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, aliziondoa kozi za lazima hatua kwa hatua, mpaka mwanafunzi akawa karibu huru kujichagulia kila kitu. Lawama kubwa iliyofuata ni kwamba wanafunzi wengi walikuwa wakiokota kozi za mwanzo tu, huku kidogo na kule kidogo, na kuhitimu bila kuzama popote. Mrithi wake, Abbott Lawrence Lowell, akaweka utaratibu wa kila mwanafunzi kuwa na eneo moja la kuzama na mengine ya kupanua macho, na utaratibu huo ukaenea katika vyuo vingi vya Marekani.

Miaka ya sitini na sabini ya karne iliyopita upepo ukageuka tena. Chuo cha Brown, baada ya uchunguzi ulioanzishwa na wanafunzi wenyewe, kilipitisha mtaala wake wa wazi mwaka 1969, na mwanafunzi wa pale anaweza kuandika fani yake akaiombea kibali. Hampshire College kilifungua milango mwaka 1970 kikiwa hakina fani zilizopangwa kabisa: mwanafunzi alikubaliana na walimu wake kuhusu atakachosoma, akamaliza kwa mradi mkubwa wa mwaka wa mwisho. Evergreen, katika jimbo la Washington, kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971. Mwaka 1972 New York University nacho kikaanzisha programu ambayo leo ni kitivo kizima, Gallatin, ambako kila mwanafunzi hupanga masomo yake na mwishoni hukaa mbele ya walimu kwa mazungumzo marefu ya mdomo juu ya orodha ya vitabu aliyoiandaa mwenyewe. Uingereza kulikuwa na Open University, kilichoanza kufundisha mwaka 1971 kikimruhusu mwanafunzi kuchanganya kozi za vitivo mbalimbali ndani ya shahada moja.

Ukiviangalia vyuo hivyo utaona kuwa uhuru haukutolewa bure popote. Penye uhuru wa kuchagua pamewekwa kitu cha kulazimisha kina: msimamizi, mkataba wa maandishi, mradi mkubwa, mtihani wa mdomo. Kamati ya chuo chako itakapokuuliza maswali magumu, itakuwa inalinda jambo hilohilo. Itataka kujua kama utatoka ukiwa umezama mahali fulani.

Mfano unaopendwa kutajwa ni wa Will Shortz. Alijitungia fani ya sayansi ya mafumbo katika chuo cha Indiana, akahitimu mwaka 1974, na tangu 1993 ni mhariri wa mafumbo wa gazeti la New York Times. Watu huisimulia habari hii kama hadithi ya kijana aliyefuata moyo wake. Mimi huisimulia kwa sababu nyingine mbili. Ya kwanza ni kwamba aliandika tasnifu kuhusu historia ya mafumbo ya maneno nchini Marekani kabla ya 1860, kazi ya kufukua magazeti na vitabu vya zamani ambayo mwanahistoria yeyote angeitambua kuwa ni kazi. Ya pili, na hii mwambie baba, ni kwamba baada ya hapo alikwenda kusoma sheria katika chuo cha Virginia na akahitimu. Shahada yenye jina la ajabu kiasi hicho haikumfungia mlango wa shule ya sheria.

Sasa tuje kwako.

Maandiko mengi yanayoanguka huanguka kwa sababu moja: mwandishi ameorodhesha vitu anavyovipenda, akaviunganisha kwa neno "na". Saikolojia na muziki na biashara. Ukimuuliza ni swali gani linaloihitaji saikolojia na muziki kwa pamoja, anaanza kutafuta jibu palepale kwenye kiti. Kupenda vitu vitatu hakutoshi kuwa fani, maana hata mtu mwenye fani ya kawaida anavipenda vitu vitatu. Fani ya kujitungia inasimama pale ambapo lipo swali ambalo idara moja peke yake italijibu vibaya.

Wewe unalo, na ushahidi upo wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Mwaka 2016 wanafunzi wawili wa University of Washington walishinda tuzo ya Lemelson-MIT kwa glovu zenye vihisio, zilizodaiwa kugeuza lugha ya alama ya Marekani kuwa sauti. Vyombo vya habari vilisherehekea. Walimu wa isimu na wa lugha ya alama wa chuo hichohicho, wakiwemo viziwi, wakatoa barua ya wazi kueleza kilichokosekana. Glovu husoma mikono peke yake. Lakini katika lugha za alama sehemu kubwa ya sarufi iko usoni na mwilini: katika lugha ya Marekani, kuinua nyusi hugeuza kauli kuwa swali la ndiyo au hapana, kukunja nyusi huenda na maswali ya nani na kwa nini, na kutikisa kichwa hukanusha sentensi ambayo mikono imeitamka bila kukanusha. Mzungumzaji huweza kumweka mtu mmoja upande wa kulia wa nafasi iliyo mbele yake na mwingine kushoto, kisha kitenzi kikasafiri kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na hapo ndipo unapojua nani kampa nani. Glovu haioni uso wala kichwa, na haijui nani amewekwa upande gani.

Wale vijana walikuwa na ufundi. Kilichopungua ni kujua kwamba walichokuwa wakikigusa ni lugha kamili, jambo ambalo William Stokoe wa Gallaudet, chuo cha viziwi cha Marekani, alikuwa ameshaanza kulionyesha katika maandishi yake ya mwaka 1960. Mwanaisimu asiyejua kompyuta angeiona kasoro lakini asingeweza kutengeneza kitu bora zaidi, na mhandisi asiyejua isimu asingejua kwamba kuna kasoro. Wote wawili, kama hawajaishi na viziwi, wangeweza kutumia miaka wakitengeneza kitu ambacho viziwi hawakukiomba. Hapo ndipo andiko lako linapopata uhalali wake. Wewe mwenyewe umekua ndani ya lugha hiyo, na kamati inapaswa kulijua jambo hilo, ila kwa sentensi moja au mbili. Nimesoma maandiko ambayo nusu yake ni habari za familia, nikafika mwisho bila kujua mwandishi anataka kusoma nini.

Ngoja nikuonyeshe tofauti. Mwanafunzi wa hali kama yako huandika hivi mara ya kwanza: "Nina shauku kubwa na lugha ya alama na teknolojia, na naamini kuziunganisha kutanisaidia kuleta mabadiliko katika jamii." Hakuna mjumbe atakayeipinga sentensi hiyo, na hakuna atakayeikumbuka. Sasa tazama hii: "Programu zinazotambua lugha ya alama kutoka kwenye video husoma mikono vizuri kuliko zinavyosoma uso. Nataka kujua ni maelezo gani ya kisarufi ambayo kompyuta inahitaji kupewa ili itofautishe swali na kauli, na namna ya kukusanya data hiyo kwa ridhaa na ushiriki wa viziwi wenyewe." Hapa mjumbe wa idara ya kompyuta ameshaelewa kazi yake iko wapi, wa isimu ameelewa yake, na wa maadili ya utafiti ameanza kuandika maswali pembeni. Hiyo ndiyo hali unayoitaka chumbani.

Baada ya swali, kinachoamua ni mpango wa kozi, na hapa nakuomba uwe mkali na nafsi yako. Chukua karatasi, uandike kozi zote unazozitaka, kisha mbele ya kila moja uandike ngazi yake na kozi ambazo lazima uwe umezipita kabla ya kuruhusiwa kuingia. Ndipo utakapoona ukubwa wa mzigo. Kozi ya ujifunzaji wa mashine, yaani kuifundisha kompyuta kwa kuipa mifano mingi, kwa kawaida inadai aljebra ya mstari, nadharia ya uwezekano na angalau kozi mbili za kuandika programu. Kozi ya kompyuta kusoma picha na video mara nyingi huja baada ya hiyo. Upande wa isimu, ukitaka kufika kwenye kozi ya utafiti wa uwandani au semina ya sarufi ya lugha za alama, utapitia kwanza fonolojia (mfumo wa sauti, au wa vipande vinavyojenga alama) na sintaksia (muundo wa sentensi). Hizo ni ngazi mbili ndefu, na unazipanda kwa wakati mmoja.

Panga ukianzia mwisho. Weka mradi wa mwisho katika mihula miwili ya mwaka wa mwisho. Jiulize: siku ya kuanza mradi nitahitaji kujua nini tayari? Rudi muhula mmoja nyuma, jiulize tena, mpaka ufike muhula ujao. Mwanafunzi anayepanga kuanzia mwanzo hujaza mihula kwa vitu vizuri, akifika mwaka wa tatu anagundua kozi aliyoihitaji inadai nyingine ambayo hakuisoma. Uliza pia kila kozi ya ngazi ya juu hutolewa mara ngapi. Semina nyingi hutolewa kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na mwalimu anayeifundisha anaweza kuwa likizo ya utafiti mwaka uleule unaoitegemea. Kwa kila kozi ya namna hiyo andika mbadala wake. Kamati huliona jambo hili haraka sana, na andiko lenye mbadala husomwa kama andiko la mtu anayejua anakokwenda.

Kuhusu kina, nitakupa kipimo ninachokitumia mwenyewe. Zihesabu kozi za utangulizi katika mpango wako. Zikikaribia nusu, mpango haujakomaa. Kisha chagua uti wa mgongo, yaani idara moja ambayo utaifuata karibu kama mwanafunzi wake wa kawaida, na nyingine iwe ya kuungia. Kwako ningechagua kompyuta iwe uti wa mgongo, na isimu iwe na kozi chache lakini za juu. Wenzangu wa isimu wanaweza kunipinga. Sababu yangu ni kwamba msingi wa hisabati na programu ni mgumu kuujenga peke yako baada ya kuhitimu, hali isimu ya lugha za alama unaweza kuendelea kuisoma huku ukifanya kazi na watu wanaoijua, hasa kwa kuwa lugha yenyewe unayo.

Ninaposema unayo, nieleweke. Lugha ya alama ya nyumbani, hata kama ni fasaha, ni ya familia moja. Tafuta watu wazima viziwi wa kukufundisha na kukusahihisha, na kama chuo kina kozi ya lugha hiyo, ichukue hadi ngazi ya juu kabisa. Ujue pia unashughulika na lugha ipi. Hakuna lugha moja ya alama ya dunia nzima. Kiziwi wa Uingereza na wa Marekani hawaelewani kwa lugha zao za alama ingawa nchi zote mbili huzungumza Kiingereza, na ile ya Marekani ina ukoo na ya Ufaransa. Andiko linalosema "lugha ya alama" kana kwamba ni moja litaulizwa swali hilo katika dakika za mwanzo.

Sasa jaribio ambalo wengi hulikwepa. Ukishakuwa na orodha kamili, iweke kando ya fani zilizopo. Angalia kama ungeweza kusoma kompyuta kama fani kuu na isimu kama fani ndogo, ukapata karibu kozi zote ulizoziorodhesha. Ikiwa jibu ni ndiyo, na utakazokosa ni kozi mbili au tatu tu, basi fuata njia ya kawaida, na hizo uzipate kwa kozi za kujisomea chini ya mwalimu. Utakuwa na jina linalojulikana, wanafunzi wenzako wa darasa moja, na nafasi ya uhakika kwenye kozi ambazo idara huwapa kwanza wanafunzi wake. Hilo la nafasi si dogo. Mwenye fani ya kujitungia mara nyingi husubiri nje ya mlango mpaka wenye idara waandikishwe, hivyo kabla hujawasilisha chochote, uliza kwa maandishi kama idara ya kompyuta itakuruhusu kuingia kozi zake za mwaka wa tatu na wa nne. Nimeona andiko zuri likipitishwa, kisha mwanafunzi akazuiwa kwenye kozi tatu alizozijengea kila kitu.

Kusoma fani mbili kamili ni njia ya tatu. Hufaa zaidi kwa wanaozihitaji zote mbili kwa ukamilifu wake. Kwako naona ingekubebesha kozi za isimu ya kihistoria na za vifaa vya kompyuta ambazo hazigusi swali lako, na ungemaliza umechoka bila muda wa mradi.

Wapo ambao huwa nawaambia wazi wasijitungie. Kama lengo lako ni kazi yenye leseni, mfano uuguzi, uhandisi wa kusajiliwa na bodi au ualimu wenye cheti, jina na maudhui ya shahada vimeshapangwa na wengine na huna nafasi ya kuvipanga upya. Hata ukalimani wa lugha ya alama, katika nchi nyingi, una mitihani na usajili wake. Kama ukalimani umo akilini mwako, ulizia masharti hayo sasa. Mwenye ufadhili naye aulize mapema, maana wapo wafadhili wanaolipia fani iliyoandikwa kwenye mkataba na si nyingine, na mabadiliko yanahitaji barua yao.

Hofu ya baba iko hapa, na haifai kuijibu kwa maneno ya kumtuliza. Kuna waajiri, na hasa mifumo ya kuchuja maombi ya kazi, inayotafuta maneno fulani kwenye jina la shahada. Kuna programu za uzamili zinazodai kozi maalumu. Dawa yake ni ya vitendo. Jina la fani liwe la wazi na la kuchosha kidogo: "Isimu ya Kompyuta na Lugha za Alama" linatosha, na linaeleweka na mtu aliyelisoma mara moja. Jiepushe na majina ya kishairi. Nimeshauri majina ya namna hiyo yabadilishwe hata pale ambapo andiko lenyewe lilikuwa zuri sana. Kisha chukua masharti ya kujiunga na programu mbili au tatu za uzamili ambazo ungependa, moja ya kompyuta na moja ya isimu, uhakikishe mpango wako unazitimiza. Ukurasa huo mmoja mpelekee baba. Pia mwonyeshe mfano wa nakala ya matokeo, inayoorodhesha kila kozi kwa jina lake: mwajiri atakayeiomba ataona miundo ya data, takwimu, ujifunzaji wa mashine, sintaksia. Hizo si kozi za kujitungia, na maksi zake umezipata darasani pamoja na wanafunzi wa idara husika, kwa mitihani ileile.

Utahitaji pia kuieleza shahada yako kwa sentensi mbili kila utakapoulizwa, na utaulizwa miaka mingi. Kwa uzoefu wangu, wanaoweza kufanya hivyo kwa utulivu hufaidika na udadisi wa anayewahoji, maana mazungumzo huanzia kwenye kitu wanachokijua kuliko mtu yeyote chumbani. Wasioweza hupata taabu.

Msimamizi ndiye mtu atakayekubeba au kukuangusha. Vyuo vingi vinataka mmoja, mimi ningekutaka uwe na wawili: mmoja wa kompyuta anayefanya utafiti wa lugha au wa video, mmoja wa isimu. Mmoja wao akiwa kiziwi, au akiwa na kazi ya muda mrefu na jumuiya ya viziwi, umepata bahati kubwa. Ikishindikana, mtafute mtu wa namna hiyo nje ya chuo awe mshauri wa tatu, na umtaje kwenye andiko. Usimwandikie profesa ukimwomba awe msimamizi katika barua ya kwanza. Soma makala yake moja, mwandikie aya mbili: swali lako, kitu kimoja mahususi ulichokiona kwenye makala yake kinachogusana na swali hilo, na ombi la dakika ishirini za kuonana. Nenda na karatasi ya mpango wa kozi, mwombe aikosoe. Walimu wengi husita kuahidi miaka mitatu ya usimamizi kwa mtu wasiyemjua, ila ni wachache watakaokataa kukosoa orodha ya kozi. Akikosoa kwa bidii, umeshampata. Akikwambia tu "nzuri sana", endelea kutafuta.

Kwenye mradi wa mwisho kuna jambo moja ambalo mtu asiye wa eneo lako hataliona, na ukilitaja kwenye andiko utaheshimika. Tafiti nyingi zinazotumia video huficha nyuso za washiriki ili kulinda faragha yao. Wewe huwezi, kwa sababu uso ni sehemu ya sarufi unayoichunguza, na ukiufunika umeifuta data. Kwa hiyo ridhaa ya washiriki lazima ieleze wazi kwamba sura zao zitaonekana, nani ataziona, zitahifadhiwa wapi na kwa muda gani, kama zitatumika kufundishia mashine, na kama mtu anaweza kujitoa baadaye. Maelezo hayo inafaa yatolewe kwa lugha ya alama yenyewe, kwa video, kwa kuwa si kila kiziwi anastarehe na maandishi. Kamati ya maadili ya utafiti itahitaji muda kuyapitia yote hayo, hivyo ombi lake liingie muhula mmoja kabla ya siku unayotaka kuanza kurekodi. Panga pia muda wa kuweka maelezo kwenye video. Watafiti wengi hutumia programu ya bure iitwayo ELAN, iliyotengenezwa katika taasisi ya Max Planck ya saikolojia ya lugha huko Nijmegen, Uholanzi, ambapo unaweka mstari mmoja wa maelezo kwa mkono wa kulia, mwingine kwa wa kushoto, mwingine nyusi, mwingine kichwa. Dakika moja ya video inaweza kula saa nyingi za kazi. Jifunze kuitumia katika likizo inayokuja, kwa video fupi moja tu, upate kujua mradi wako unaweza kubeba dakika ngapi kwa kweli.

Upweke ni jambo ambalo maandiko hayaligusi. Mwanafunzi wa kompyuta ana wenzake mia wanaohangaika na zoezi lilelile usiku uleule. Wewe utakuwa mgeni kidogo katika kila darasa, na hakuna atakayesoma hasa unachosoma wewe. Wanafunzi wangu waliostahimili vizuri walijiunga mapema na maabara au kikundi cha utafiti cha msimamizi wao, hata kama mwanzoni kazi yao ilikuwa kusafisha data za wengine. Wanaofanya hivyo hupata watu wa kula nao chakula cha mchana na watu wa kuwauliza maswali ya kijinga, na mambo yote mawili yanahitajika.

Andiko lenyewe, likifika wakati wake, lisizidi urefu uliopangwa na chuo. Lifungue na swali, kisha sababu ya fani zilizopo kutotosha, ukizitaja kwa majina na kueleza kwa haki zinachotoa. Wajumbe wa kamati hutoka katika idara hizohizo, na ukiwaambia idara yao ni finyu hawatakusikiliza vizuri. Afadhali useme idara ya kompyuta inakupa hiki na hiki, na unachokosa ni hiki. Jedwali la kozi kwa mihula, pamoja na mbadala, lifuate. Kisha mradi wa mwisho, kwa ukurasa mmoja, na barua za wasimamizi. Angalia tarehe ya mwisho na masharti ya maksi ya chuo chako, maana vyuo vingi hutaka ombi liingie kabla ya mwaka wa tatu kuanza, na vingine havipokei kabla hujamaliza idadi fulani ya mihula.

Kwa sasa usiwaze kamati. Muhula ujao jiandikishe kozi ambazo utazihitaji kwa njia yoyote utakayoichagua: aljebra ya mstari, kozi ya pili ya kuandika programu, na fonolojia. Ukiishia kwenye kompyuta ya kawaida, hujapoteza kitu. Ukiishia kwenye fani yako mwenyewe, umeshaanza. Wiki hii andika ile orodha ya kozi na ngazi zake, chagua walimu wawili, uwaandikie kabla ya muhula kufungwa, kwa sababu likizo ikishaanza wengi wao huwa kwenye utafiti na barua za wanafunzi wasiowajua hukaa bila kujibiwa hadi chuo kifunguliwe.